Maisha ya Sir Alexander Fleming, Mgunduzi wa Penisilini

Katika gazeti letu hili wamekwisha kusimuliwa watu mashuhuri wa namna nyingi: wafalme, wapigania uhuru, washairi na wasafiri. Muhula huu nimependa kumsimulia mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakutawala nchi, lakini kazi yake imeingia katika kila zahanati, ya mjini na ya kijijini. Mtu huyo ni Sir Alexander Fleming, daktari aliyegundua penisilini mwaka 1928.

Ninazo sababu mbili za kumchagua. Ya kwanza ni kwamba maisha yake yanatufundisha faida ya kuangalia vitu vidogo kwa makini. Ya pili ni kwamba likizo inakaribia, na wengi wetu tukifika nyumbani ndio tunaotumwa duka la dawa, na ndio tunaoombwa kusoma maandishi ya chupa mdogo wetu anapougua. Fleming alituachia dawa, na pamoja na dawa alituachia onyo. Dawa tumeipokea kwa mikono miwili. Onyo wengi wetu hatujalisikia bado.

UTOTO WAKE

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba liitwalo Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, huko Uskoti. Baba yake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima na mfugaji. Alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima sana alipomwoa mama yake Alexander, Grace, ambaye alikuwa mke wa pili baada ya yule wa kwanza kufariki. Alexander alipokuwa na umri wa miaka saba baba yake alifariki, na mama akabaki na kazi ya kulea watoto na kuangalia shamba.

Watoto wa Lochfield walikwenda shule kwa miguu, wakipita katika vilima wakati wa mvua na wakati wa baridi kali. Njiani walitazama ndege, samaki wa vijito na wanyama wadogo. Fleming mwenyewe aliamini kwamba huko ndiko alikojifunza kutazama, kabla hajajua kwamba kutazama kungekuwa ndiyo kazi yake.

Hapa yafaa niseme jambo moja. Imeenea hadithi kwamba baba yake Fleming alimwokoa mtoto Winston Churchill asife maji, na kwamba baba yake Churchill, kwa shukrani, akamlipia Alexander ada ya masomo. Ni hadithi tamu, lakini si ya kweli. Baba alifariki Alexander angali mtoto mdogo, na fedha za masomo zilitoka mahali pengine kabisa, kama nitakavyoeleza.

Mwaka 1895 Alexander alikwenda London kukaa na kaka yake aliyekuwa daktari wa macho. Alisoma kidogo, kisha akafanya kazi ya ukarani katika kampuni ya meli kwa muda wa miaka minne. Kazi hiyo hakuipenda. Ndipo amu mmoja alipofariki na kuwaachia jamaa zake urithi, naye Alexander akapata fungu lake. Kaka yake akamshauri alitumie kusoma udaktari. Mwaka 1901 akaingia chuo cha udaktari cha hospitali ya St Mary's, mjini London.

Nyie mnaopenda michezo mtafurahi kusikia kwa nini alichagua St Mary's. Mji ulikuwa na vyuo kadhaa vya udaktari, naye hakuvijua. Lakini alikuwa amewahi kucheza mpira wa majini dhidi ya timu ya St Mary's, basi akaenda huko. Na alipohitimu mwaka 1906, alikuwa hodari sana wa kulenga shabaha kwa bunduki, na wenzake hawakutaka timu yao impoteze. Wakamtafutia nafasi katika idara ya Bwana Almroth Wright, bingwa wa chanjo. Fleming akaingia humo, na humo akakaa karibu maisha yake yote ya kazi.

VITA NA VIDONDA

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Fleming alipelekwa Boulogne, katika Ufaransa, akiwa daktari wa jeshi. Huko aliona jambo lililomhuzunisha. Askari wengi walifikishwa hospitali wakiwa hai, majeraha yao si ya kuua, lakini baada ya siku chache vidonda vikaoza na wakafa. Madaktari waliwamiminia vidondani dawa kali za kuua vidudu, na bado walikufa.

Fleming akauliza: kama dawa yaua vidudu, mbona mgonjwa hazidi kupona? Akatengeneza kidonda cha kioo, yaani chupa iliyovutwa na kufanywa mashimo membamba mfano wa jeraha la risasi, akaonyesha kwamba dawa haifiki katika pembe za ndani walimojificha vidudu. Tena akaonyesha kwamba dawa zile ziliziua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, upesi kuliko zilivyowaua vidudu. Tangu hapo akawa na nia moja: kutafuta kitu kitakachowaua vidudu vya maradhi bila kuudhuru mwili wa mgonjwa.

Katika mwaka 1915 alimwoa Sarah McElroy, muuguzi kutoka Ireland, wakapata mtoto mmoja wa kiume, Robert, ambaye naye baadaye alikuwa daktari.

Mwaka 1921 Fleming alishikwa na mafua. Badala ya kujifuta pua tu akachukua kamasi yake kidogo, akaitia katika sahani ya kuoteshea vidudu. Akaona vidudu vilivyo karibu na kamasi vinayeyuka. Kitu hicho alikiita laisozaimu, akakikuta pia katika machozi na katika ute wa yai. Ili apate machozi ya kutosha aliwakamulia wenzake ndimu machoni! Laisozaimu haikuua vidudu vilivyo hatari sana, lakini ilimzoesha kutazama sahani zake kwa macho ya mtu anayetarajia kitu.

SAHANI ILIYOOTA KUVU

Sasa nafika kwenye jambo lililomfanya ajulikane duniani. Katika mwaka 1928 Fleming alikuwa akichunguza bakteria waitwao stafilokokasi, wanaosababisha majipu na usaha. Alikuwa mtu asiyefanya haraka ya kuosha vyombo vyake. Alipokwenda likizo aliziacha sahani zimerundikana mezani. Aliporudi, mwanzoni mwa mwezi wa Septemba, akazitazama moja moja kabla ya kuzitupa. Katika sahani moja palikuwa pameota kuvu, mfano wa ile tunayoiona juu ya mkate uliolala siku nyingi. Jambo la ajabu ni kwamba kuizunguka kuvu ile bakteria walikuwa wametoweka, hali mbali nayo walikuwa wamestawi.

Mtu mwingine angaliitupa sahani ile kwa sababu imeharibika. Fleming aliitunza. Akaiotesha kuvu hiyo, ambayo ni ya jamii ya penisilium, akaichuja maji yake, na akayaita penisilini. Akaona mambo matatu. La kwanza, hata maji yale yakizimuliwa sana bado yaliwazuia bakteria wa majipu na wa baadhi ya maradhi ya koo. La pili, hayakuzidhuru chembe nyeupe za damu. La tatu, na hili naomba msomaji alishike, hayakuwadhuru bakteria wote: wengine, kama wale wa homa ya matumbo, waliendelea kuota kana kwamba hakuna kitu. Yaani tangu siku za kwanza kabisa ilijulikana kwamba penisilini si dawa ya kila ugonjwa.

Mwaka 1929 aliyaandika hayo katika jarida la wataalamu. Watu hawakushtuka. Fleming hakuwa msemaji hodari, wala hakuwa mtaalamu wa kemia, na penisilini iliharibika upesi kila ilipojaribiwa kusafishwa. Kwa miaka kumi hivi jambo hilo likalala.

WATAALAMU WA OXFORD

Walioliamsha ni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford: Howard Florey aliyezaliwa Australia, Ernst Chain aliyekimbia Ujerumani kwa sababu ya mateso ya Wayahudi, na Norman Heatley, fundi wa kubuni vyombo. Tarehe 25 Mei 1940 waliwatia panya wanane bakteria wakali. Wanne wakapewa penisilini, wanne wakaachwa. Kufika asubuhi, wanne walioachwa wote walikuwa wamekufa, na wale waliopewa dawa walikuwa hai.

Mwezi wa Februari 1941 wakamjaribia askari polisi mmoja aliyekuwa taabani, usaha umeenea usoni na ndani ya mwili. Siku chache tu homa ikashuka, akaanza kula. Lakini dawa iliyokuwapo ilikuwa haba sana, hata wakawa wanaichuja kutoka katika mkojo wake ili wampe tena. Siku ya tano ikaisha. Ugonjwa ukarudi kwa nguvu, na mwezi wa Machi akafariki.

Basi ikawapasa wataalamu wale wawatafute wagonjwa watakaotosheka na dawa kidogo, nao wakawageukia watoto na vijana, kwa sababu mwili mdogo wahitaji dawa ndogo. Kijana mmoja wa miaka 15, rika letu hasa, aliyekuwa ameingiwa na vidudu baada ya kupasuliwa nyonga, alipona. Mtoto mwingine wa miaka minne, aliyeharibikiwa baada ya kuugua surua, vidudu vyake vilishindwa, ingawa kwa huzuni alifariki kwa kupasuka mshipa wa damu kichwani.

Katika habari hii ya Oxford mna mafundisho mawili makubwa ya matumizi ya dawa hizi. La kwanza ni kwamba dawa ikikatika kabla vidudu havijashindwa, ugonjwa waweza kurudi. Askari polisi yule hakukatiza dawa kwa kupenda, iliisha. Sisi leo huikatiza ingali chupani. La pili ni kwamba mtoto hapewi kipimo cha mtu mzima. Hupimwa kwa uzito wa mwili wake.

Baadaye Wamarekani walisaidia kuiotesha kuvu katika mapipa makubwa, na kufika mwaka 1944 penisilini ilikuwa ya kutosha kuwatibu askari wengi waliojeruhiwa vitani. Fleming mwenyewe, katika Agosti 1942, alimwomba Florey dawa kwa ajili ya mgonjwa aliyekuwa anakufa kwa homa ya uti wa mgongo. Florey akampa, Fleming akamdunga mgonjwa yule hata katika uti wa mgongo, naye akapona. Mwaka 1944 Fleming alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1945 yeye, Florey na Chain wakapewa pamoja Tuzo ya Nobel.

ONYO LAKE

Siku ya kutoa hotuba ya tuzo hiyo, Desemba 1945, ingalimfaa Fleming kujisifu. Badala yake aliwaonya watu. Alisema kwamba si vigumu kuwazoesha bakteria penisilini: wape kiasi kisichotosha kuwaua, nao watajifunza kuistahimili. Kisha akatoa mfano wa mtu wa kubuni. Mtu huyo anaumwa koo, anajinunulia penisilini, anakunywa kiasi kisichotosha. Vidudu vyake havifi, vinakuwa sugu. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata kichomi, anatibiwa kwa penisilini, na kwa kuwa vidudu vimekwisha kuwa sugu, dawa haifanyi kazi, na mke anafariki. Fleming aliuliza ni nani aliye na lawama, na jibu lake lilikuwa kwamba ni mume, aliyeitumia dawa kwa uzembe.

Nilipoisoma habari hii niliona kwamba Fleming alikuwa akisema na sisi. Sisi wakulima tunajua palizi. Ukikata majani juu juu na kuacha mizizi, magugu yatakayorudi ni yale yenye mizizi migumu. Ndivyo ilivyo kwa bakteria: dhaifu hufa mwanzo, wagumu hubaki, na wakiachwa huzaana.

Onyo hilo limetimia. Kabla haijatimu miaka kumi tangu hotuba ile, hospitali za Ulaya zilikwisha kuona majipu mengi yasiyosikia penisilini. Siku hizi jambo limekuwa kubwa zaidi. Wataalamu walikadiria kwamba watu 1,270,000 hivi walifariki duniani kwa mwaka mmoja, yaani 2019, kwa sababu ya bakteria waliozishinda dawa, na kama mmoja katika kila watano wao alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano.

Fleming hakuishi kuyaona hayo yote. Mke wake Sarah alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 akamwoa Amalia Koutsouri-Vourekas, daktari kutoka Ugiriki. Tarehe 11 Machi 1955 akafariki mjini London kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 73. Majivu yake yamewekwa katika Kanisa Kuu la St Paul's, mahali wanapozikwa mashujaa wa Uingereza.

YATUPASAYO SISI

Maisha ya mtu yakisomwa bila kufuatwa huwa hadithi tu. Kwa hiyo naomba ruhusa ya wasomaji nieleze namna onyo la Fleming linavyotufaa nyumbani, hasa katika kuwapa watoto dawa za kuua bakteria, ambazo wengi huziita antibiotiki. Haya nimeyajifunza katika somo la Baiolojia na kwa muuguzi wa zahanati ya shule, ambaye alikubali kunijibu maswali mengi.

Kwanza, si kila mtoto mwenye homa anahitaji dawa hizi. Mafua, na vikohozi vingi vya watoto, huletwa na virusi, na dawa ya kuua bakteria haiui virusi. Malaria haina bakteria. Mtoto apimwe damu. Kuhara kwa maji maji mara nyingi kwahitaji maji ya ORS na vidonge vya zinki, wala si antibiotiki. Lakini akihara damu apelekwe kituo cha afya. Katika mabweni yetu nimeona mara nyingi mwenye mafua akimwomba mwenzake vidonge viwili vya rangi mbili, akimeza asubuhi na kuacha jioni. Huyo ndiye yule mume wa hadithi ya Fleming.

Pili, mtoto anayehitaji dawa asicheleweshwe. Hofu ya usugu isitufanye tumwache mtoto mwenye kichomi. Muuguzi alinifundisha kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akipumua mara 50 au zaidi, na wa mwaka 1 mpaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, hiyo ni dalili ya kichomi. Kama kifua chake chabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunywa wala kunyonya, au amelegea, au ana degedege, hapana kungoja asubuhi. Na mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili akiwa na homa apelekwe hospitali mara moja.

Tatu, kipimo hufuata uzito. Kwa mfano, katika kutibu kichomi kwa vidonge vya amoksilini vya watoto vya miligramu 250, mtoto wa kilo 6 hupewa kimoja kwa mara, hali wa kilo 15 hupewa vitatu. Siandiki haya ili mtu ajitibie kwa gazeti la shule, la hasha! Nayaandika ili tuone kwamba kumkatia mtoto nusu ya kidonge cha baba ni kubahatisha. Huenda ikawa kidogo, bakteria wakazoea. Huenda ikawa nyingi, mtoto akadhurika. Tena ziko dawa za watu wazima zisizowafaa watoto kabisa. Tetrasaiklini, kwa mfano, huyatia rangi meno ya mtoto wa chini ya miaka minane, na rangi hiyo haitoki. Basi tukienda kituo cha afya au duka la dawa, tuseme umri wa mtoto na uzito wake, na kadi yake ya kliniki tuichukue.

Nne, dawa ya maji ichanganywe sawasawa. Ile ya unga iliyo katika chupa hutiwa maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka kwenye alama, wala si zaidi ili iwe nyingi. Chupa itikiswe kila mara kabla ya kumimina, maana dawa hukaa chini. Asiyetikisa humpa mtoto maji siku za mwanzo na dawa kali siku za mwisho. Tupime kwa kikombe cha kipimo au bomba lililokuja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani: cha mama mmoja si sawa na cha jirani yake.

Tano, saa na siku zifuatwe. Tukiona kwenye pakiti pameandikwa 1x3, maana yake ni kimoja mara tatu kwa siku, na mara hizo zigawanywe vizuri, kama saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Siku ziwe zile alizoandika mtaalamu, zisipungue wala zisizidi. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea kwa nia njema. Nyumbani kwetu yuko jirani ambaye mtoto wake alipata nafuu siku ya pili, akaacha kumpa dawa, akaihifadhi chupa kwa ajili ya mtoto mwingine atakayeugua. Wiki moja baadaye homa ikamrudia yule yule, na safari hii akalazwa. Chupa nayo ilikuwa haifai tena, kwa kuwa dawa ikishachanganywa na maji hudumu siku 7 au 14 tu, kwa kadiri ilivyoandikwa.

Sita, tuangalie madhara. Mtoto akitokwa na vipele, akavimba midomo au uso, au akapumua kwa shida baada ya kupewa penisilini au ndugu zake kama amoksilini, dawa isimame na apelekwe hospitali upesi. Jambo hilo liandikwe katika kadi yake, na kila mganga atakayemtibu baadaye aambiwe.

Saba, kinga ni bora. Watoto wapate chanjo zote, tunawe mikono kwa sabuni, maji ya kunywa yachemshwe. Mtoto asiyeugua hahitaji dawa, na dawa isiyotumika haizoeleki.

Najua vikwazo vipo. Zahanati pengine ni mbali, dozi nzima ina bei, na mwenye duka atakubali kuuza vidonge vitatu kwa mwenye fedha ya vitatu. Mzazi anayefanya hivyo hana ubaya moyoni; anamtakia mwanawe nafuu kwa kile alichonacho. Lakini fedha ya vidonge vitatu ni fedha iliyotupwa, na pengine ni zaidi ya kutupwa, maana imewafundisha bakteria. Ingefaa zaidi nauli ya kumfikisha mtoto kwa anayejua kumpima.

Hapo ndipo ilipo kazi yetu sisi wanafunzi. Bibi zetu walitulea bila kujua kusoma maandishi ya chupa, wakaenda kwa kukisia. Sisi tunasoma. Tunajua miligramu na mililita, tunajua kuhesabu saa nane nane, na tunajua tofauti ya virusi na bakteria. Elimu hiyo haikukusudiwa kuishia kwenye karatasi ya mtihani. Mwanafunzi akirudi nyumbani akamsaidia mama kupima dawa ya mtoto barabara, na akamwomba kwa adabu asiikatize, amefanya kazi ya maana hata kama hakuna atakayempigia makofi.

Sir Alexander Fleming alipata sifa kwa kuitazama sahani ambayo wengine wangaliitupa. Twaweza kumheshimu kwa kuisoma karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa, ambayo wengi wetu huitupa. Nawatakia wasomaji wote likizo njema na wadogo zetu afya njema.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne